Mnachaguaje darasa la yoga mkiwa safarini? Niko Dodoma, kazi yangu ni ya kuzunguka mikoa

Mkaguzi_Ilazo:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mnaofanya yoga, hasa nyinyi ambao kazi zenu hazikai sehemu moja.

Mimi ni mama wa miaka 43, mkaguzi wa hesabu. Nilihamia Dodoma mwaka 2017 kufuata ofisi, na tangu tuhamie Mtumba nashinda kwenye kiti. Msimu wa ukaguzi ukifika nashinda kwenye gari: Singida, Tabora, Iringa, Manyara. Mwaka 2021 mgongo ukagoma. Ni hapa chini, upande wa kushoto, maumivu yanateremka mpaka pajani. Hospitali walipiga picha wakaona diski moja kati ya pingili za mgongo imetokeza kidogo. Nikapewa dawa na wiki sita za mazoezi ya viungo. Dada aliyekuwa ananifanyisha mazoezi ndiye aliyeniambia nikimaliza kwake nitafute yoga ya taratibu, nisirudi kukaa bure.

Hapa Dodoma nimepita sehemu tatu. Ya kwanza ni ya jimu, saa kumi na mbili na nusu jioni, ukumbi uleule wa zumba. Mwalimu ni kijana mchangamfu, lakini anahesabu kama yuko kwenye gwaride: moja, mbili, tatu, geuka. Kabla sijajua mguu uende wapi, wenzangu wameshafika mkao wa tatu. Nilienda mara mbili nikaacha.

Ya pili ilikuwa kikundi cha nje, Jumamosi asubuhi, kwenye nyasi chini ya mti. Nilikipenda sana. Ila wenyeji mnaijua Dodoma. Juni na Julai baridi ya alfajiri inakaza nyonga kiasi kwamba nusu ya kipindi inaisha mwili bado haujapata moto. Agosti upepo ukianza, ikifika saa tatu vumbi liko kwenye mkeka, kwenye macho, mpaka kwenye meno. Kikundi kikapungua kikafa chenyewe.

Ya tatu ndiyo iliyonishika. Ni sebuleni kwa mama mmoja hapahapa Ilazo. Makochi yanatolewa barazani, tunaingia watu sita, saba tukibanana. Hakuna vioo, hakuna muziki. Mito hakuna, tunakunja kanga na mablanketi. Siku ya kwanza sikufanya mkao wowote. Aliniambia nitembee kutoka mlangoni mpaka dirishani, nirudi, halafu tena. Akaniangalia, akasema, "Mguu wa kushoto unauogopa." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, na ilikuwa kweli. Akanilaza chali, akanipitishia kanga kwenye wayo, akaniambia niuinue mguu taratibu, goti likitaka kukunjika nilikunje. Miezi miwili mizima hakuniruhusu kuinama mbele nikiwa nimesimama. Analipisha 10,000 kwa kipindi. Sasa ni mwaka wa tatu. Nafunga kamba za viatu bila kushika ukuta, na naweza kutoka Dodoma mpaka Manyoni bila kumwomba dereva asimame Bahi ninyooshe mgongo. Watu wa kukaa ofisini hawatajua ukubwa wa jambo hilo, ila mimi nalijua.

Tatizo ni kwamba kila mwezi niko nje siku kama kumi. Nikirudi, mama ananiangalia tu nikiingia mlangoni, anajua nimekaza tena. Kwa hiyo nikaanza kutafuta madarasa huko ninakokwenda.

Mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza kufika huku, nilisema ngoja nijaribu Dar wikiendi. Tiketi 31,000, na hata kiti chake kina nafuu kuliko basi. Nikaingia studio moja upande wa Masaki. Pazuri kweli: sakafu ya mbao, harufu ya mchaichai, kiyoyozi. Kipindi 35,000. Ubaoni waliandika "Ashtanga". Mimi nilidhani yoga ni yoga. Tulikuwa zaidi ya ishirini, mwendo wa kasi, na jasho la Dar mnalijua, viganja vinateleza kwenye mkeka kama vimepakwa mafuta. Tulipokaa chini kuinama mbele, mwalimu akaja nyuma yangu bila kusema neno, akaweka viganja mgongoni, akanikandamiza kwa uzito wake. Nilisikia kitu kinavutika. Nikabana meno nikamaliza kipindi. Narudi Dodoma Jumapili, njia karibu yote nilikuwa nimesimama kwenye korido ya behewa, na siku nne zilizofuata nilikaa ofisini nimeegemea upande mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilinyamaza. Pale mapokezi waliniuliza jina, namba ya simu na nalipaje. Hawakuuliza kama naumwa popote, na mimi sikusema.

Arusha, maeneo ya Njiro, nilipata darasa dogo la asubuhi. Mwalimu aliuliza vizuri, ila mikao aliita kwa majina ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, nikawa najifunza kwa kumchungulia jirani. Nairobi, tulipokuwa kwenye semina, nilienda jioni moja darasa la "yin": taa hafifu, mkao mmoja dakika tano. Nilitoka nimetulia, ila asubuhi mgongo ulikuwa na ukakasi.

Singida na Tabora sijapata darasa. Ni mimi na chumba cha lodge: vigae, kitanda kikubwa, na nafasi ya mkeka mmoja kati ya kitanda na kabati.

Nisaidieni. Mnajuaje kabla ya kulipa kwamba hapa pananifaa? Na hivi kuchanganya walimu si kuharibu kazi ya yule mmoja anayekujua? Maana kila nikitoka darasa la ugenini najisikia kama nimempotezea mama wa Ilazo wiki nzima. Nawasilisha.

DerevaNzuguni:

Shikamoo mama mkaguzi. Pole kwa mgongo. Mimi ni dereva wa gari la mradi, njia zangu Kondoa, Kiteto na Mpwapwa, na nilianza haya mazoezi kwa kuonyeshwa na bosi mmoja niliyekuwa namwendesha. Studio sijawahi kuingia, kwa hiyo hilo nawaachia wenzangu. Chumba cha lodge ndiyo fani yangu.

Kwanza ukishuka kwenye gari usikimbilie mkeka. Mimi nikifika natembea kwanza dakika kumi, kumi na tano, natafuta hata maji ya kunywa dukani. Mwili uliokaa saa nne ukiukunja hapohapo unaudhi.

Pili, ukuta ndiyo mwalimu wako. Sogeza makalio mpaka yaguse ukuta, lala chali, miguu ipande juu ukutani, mikono pembeni. Dakika kumi hivi. Kwa dereva hiyo ni dawa ya miguu iliyovimba, na mgongo unalala sawasawa sakafuni. Halafu ile ya kushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili ukirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo unyooke kama meza, magoti umeyalegeza. Ule mkao wanaouita wa mbwa, mikono na miguu chini, makalio juu, mimi chumbani siufanyi, kwenye vigae mkeka wa bei rahisi unakimbia na wewe.

Kikoi kimoja begini kinatosha. Ni mkanda, ni mto, ni shuka. Nikimaliza nalala chali na kikoi nimekikunja chini ya magoti. Mara nyingi nasinzia hapohapo.

Mwalimu_Arusha:

Dada yangu mkaguzi, nimesoma ulichoandika mara mbili. Nafundisha huu mwaka wa tisa, na hiyo habari ya kukandamizwa mgongo imenikera moyoni. Mwalimu hatakiwi kuuweka uzito wake kwenye mgongo asioujua. Anatakiwa aulize kwanza, kila mara, hata kwa mwanafunzi aliyemfundisha miaka mitano. Wewe hukukosea kunyamaza. Ulikuwa mgeni, na mgeni anaona aibu. Kazi ya kuuliza ilikuwa yao.

Ngoja nikueleze kwa nini darasa lile lilikuumiza hata kama asingekugusa, ili siku nyingine jina lililoandikwa ubaoni likusaidie.

Yoga nyingi ya mikao tunayofanya leo inapitia kwa mwalimu mmoja wa India, Krishnamacharya, aliyekuwa anafundisha Mysore miaka ya 1930. Kati ya wanafunzi wake walitoka wawili walioenda njia tofauti kabisa. Pattabhi Jois alishika mwendo: pumzi moja, tendo moja, mfululizo uleule kila siku bila kubadilika. Hiyo ndiyo ashtanga. Sasa mfululizo wake wa kwanza, ambao ndio wanaoanza nao watu, umejaa kuinama mbele ukiwa umekaa, miguu imenyooka. Kwa mtu mwenye diski iliyotokeza, hicho ndicho kitu cha mwisho anachohitaji. Unapoinama mgongo ukiwa umepinda, diski inabanwa kwa mbele na kusukumwa kwa nyuma, kulekule kwenye mishipa ya fahamu inayoteremka mguuni.

Mwingine ni Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kukua mgonjwa mgonjwa. Yeye alikaa na mkao mmoja muda mrefu akiupanga kama fundi, na ndiye aliyezoesha dunia kutumia mikanda, mablanketi, viti, kamba za ukutani na vipande vya mbao. Mama yako wa Ilazo na kanga zake, awe anajua au hajui, yuko upande huo. Ukisafiri ukaona "Iyengar", nenda bila hofu. Ukiona "hatha", mara nyingi ni taratibu, ila uliza. "Vinyasa" ni mwendo, inategemea sana mwalimu. "Yin" kama ya Nairobi inavuta tishu za ndani kwa kukaa muda mrefu. Si mbaya, lakini zile za kujikunja mbele waambie unaziruka, ulale chali tu. Na ile ya joto, mikao 26 kwa dakika 90 kwenye chumba cha nyuzi 40, mimi nisingekushauri. Joto linakufanya uone umelainika kuliko ulivyo, halafu unavuka mpaka bila kujua.

Kuhusu kujua kabla ya kulipa: tuma ujumbe siku moja kabla. Andika hivi: "Nina diski iliyotokeza kiunoni. Siinami mbele miguu ikiwa imenyooka na naomba nisisukumwe. Darasa lenu la kesho linanifaa?" Halafu soma jibu. Akikuuliza swali, kwamba maumivu yanashuka mguuni au la, kwamba umefanya yoga muda gani, huyo nenda kwake. Akikujibu "karibu sana, yoga inatibu mgongo", kaa lodge. Cheti cha saa 200, ambacho ndicho cha kuanzia ualimu kwa wengi wetu, kinaonyesha amesoma. Hakionyeshi amewahi kukutana na mgongo kama wako.

Fika robo saa kabla. Weka mkeka karibu na ukuta. Na jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: asubuhi mapema, ukitoka tu kitandani, diski zimejaa maji kwa sababu ulilala usiku kucha, na kuinama saa ile kuna hatari zaidi kuliko baadaye. Darasa la saa kumi na mbili asubuhi, amka mapema utembee kwanza, au chagua la jioni.

Kuchanganya walimu hakumharibii kazi mama. Yeye ndiye mwenye ramani ya mwili wako. Huko kwingine chukua kimoja kinachokufaa, rudi nacho umuonyeshe, yeye aamue kama kinakaa.

MamaKikuyu:

Samahani kuingilia. Mimi magoti yananisumbua na daktari alitaja yoga, lakini ni mtu wa kanisa na nasikia kuna kuimba maneno na kusujudia. Sitaki kumkosea Mungu wangu kwa sababu ya magoti. Mkaguzi, wewe huko unakokwenda hayo yapo?

Mkaguzi_Ilazo:

MamaKikuyu, asante kwa kuuliza wazi, maana hata mimi nililala na swali hilo wiki nzima kabla ya kwenda. Mimi pia ni wa kanisa. Ilazo hakuna kuimba chochote. Tunaanza kwa kukaa kimya dakika mbili, na mama alituambia kila mmoja aseme na Mungu wake au apumue tu. Tuna Waislamu wawili, Mkatoliki, mimi Mwanglikana. Nairobi waliimba "om" mara tatu mwanzoni. Nilimwambia mwalimu mapema kwamba mimi sitaimba, akasema hakuna shida, nikakaa kimya na kipindi kikaendelea. Arusha hawakuimba. Kwa hiyo yapo sehemu, na sehemu hayapo, na unaruhusiwa kukataa. Kama uko Kikuyu ya hapa Dodoma kweli, nitumie ujumbe, nitakupeleka Ilazo. Kwa magoti atakukalisha kwenye kiti, tuna mama wa miaka 68 anafanya kipindi chote kitini.

Mwalimu wa Arusha, Mungu akubariki. Hiyo ya diski kujaa maji asubuhi imenifungua macho. Nilikuwa nikilala Singida, naamka saa kumi na moja nijikunje haraka kabla ya kazi, halafu nashangaa kwa nini siku za safari ndizo naumia. Miaka yote hiyo nalaumu viti vya gari.

DerevaNzuguni, marahaba mwanangu. Miguu ukutani nimeifanya jana nyumbani, watoto wakaja kujipanga ukutani na wao.

HadijaJambiani:

Dada mkaguzi, mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni Jambiani na asubuhi natandika mikeka ya wageni wa yoga. Ukija Unguja usiende kwa picha za mtandaoni. Picha zote ni baraza la makuti na bahari. Bahari haikushikii mgongo. Uliza darasa la siku hiyo lina watu wangapi. Msimu mkubwa, Julai, Agosti, na Desemba, unaweza kukuta watu ishirini na tano na mwalimu mmoja aliyefika juzi. Njoo Aprili au Mei, mvua za masika, wageni wachache, mwalimu anakuwa na wewe na watu watatu. Nami ndiyo nilijifunza hivyo, msimu wa mvua, mwalimu aliniita niache kufagia nije nikae kwenye mkeka.

Na mkeka wako uje nao mwenyewe. Ya kukodi hapa inakaa kwenye chumvi na mchanga, inateleza. Kabla ya kulala chini tandaza taulo juu yake, viganja havitoki.

Mkaguzi_Ilazo:

Narudi kutoa mrejesho, maana mlinipa muda wenu.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Dar tena kwa kikao. Niliandika ujumbe kama mwalimu alivyosema, nikautuma sehemu tatu. Moja hawakujibu. Moja walijibu "karibu, tuna ofa ya vipindi vitano". Ya tatu alijibu mwalimu mwenyewe saa tatu usiku, akauliza: maumivu yanapita goti au yanaishia pajani? Ukikohoa yanazidi? Nani anakufundisha nyumbani na anakukataza nini? Nilikaa kitandani hotelini nasoma yale maswali na machozi yananilengalenga, sijui kwa nini. Labda kwa sababu sikuamini kuna mtu wa Dar, asiyenijua, anaweza kuniuliza mama wa Ilazo amenikataza nini.

Nilienda jioni, saa kumi na moja na nusu. Ni chumba cha juu ya duka, Kinondoni, feni mbili, watu tisa. Aliniwekea kiti. Wenzangu walipoinama mbele, mimi niliegemeza mikono kwenye kiti, mgongo umenyooka, magoti laini, ileile ya dereva ya ukingo wa kitanda. Alipotaka kunigusa bega alisema, "Naweza?" Nikasema ndiyo. Taulo la Hadija lilifanya kazi, jasho la Dar halikunitelezesha. Nilirudi kwenye treni nimekaa kitini, njia nzima.

Kimoja nilichorudi nacho ni kusukuma ukuta kwa wayo wa kushoto nikiwa nimelala chali, mguu mmoja mmoja. Nilimwonyesha mama Jumanne. Akanitazama nikifanya, akanisogeza kisigino sentimita mbili hivi kushuka chini, akasema, "Hiki tukiweke." Tangu Alhamisi darasa zima tunakifanya.

Jumatatu naelekea Tabora siku nane. Kikoi kiko begini. MamaKikuyu, Jumamosi hii saa mbili na nusu asubuhi nakungoja pale unaposhukia daladala za Ilazo, nitakuwa na mkeka wa bluu begani.